Kisanduku cha Vali na Goti la Daktari

Jumatatu, 3 Juni

Mama mkwe ameingia asubuhi na mifuko mitatu. Atakaa wiki mbili. Nimempokea mifuko, nimemwamkia kwa adabu zote, nikamkaribisha sebuleni. Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo. Sebuleni kwangu kuna kiti kimoja tu. Na si kiti cha kukaliwa ovyo.

Nieleze, kwa faida ya vizazi vitakavyosoma daftari hili. Kiti kiko pale kilipo kwa kipimo. Umbali wake na spika ya kushoto ni sawasawa na umbali wake na spika ya kulia. Nimepima kwa futi kamba. Miguu yake minne nimeichorea chaki sakafuni. Mbele yake kuna meza, na juu ya meza mashine ya santuri, na pembeni ya mashine fahari ya maisha yangu: kisanduku cha vali. Vali ni vile vichupa vya kioo vilivyokuwamo ndani ya redio za babu zetu, vikiwashwa vinawaka vyekundu kama makaa. Kazi ya kisanduku ni kuipokea ile sauti ya sindano ingali changa, na kuilea mpaka ipate nguvu ya kwenda kwenye amplifaya. Wenye santuri wengine huiacha kazi hiyo ifanywe na kidude kilichomo ndani ya mashine yenyewe. Maskini. Vali huipa sauti joto. Asiyelisikia joto hilo, masikio yake ni ya kutundikia miwani.

Makochi niliyaondoa miezi mitatu iliyopita. Makochi hunywa sauti. Yako kwa shemeji, dada yake mke wangu, ambaye aliyapokea bila hata kuuliza kwa nini.

Basi mama mkwe akakaa kwenye kiti changu. Kwanza akakivuta, apate kunyoosha miguu. Nikamweleza kwa upole habari ya chaki. Akaniuliza kama kiti ni kigonjwa. Mwisho wa yote amekaa koridoni, kwenye kiti cha plastiki, karibu na ndoo ya kupigia deki. Mke wangu hajasema neno tangu saa nne asubuhi. Dalili njema. Anatafakari.

Jumanne, 4 Juni

Hakuwa anatafakari. Alikuwa anapanga maneno.

Ameyatoa yote kwenye chai. Kwamba mama yake amemzaa, amemlea, amefanya kazi ya opereta wa simu miaka thelathini na moja kwenye ofisi kubwa, akastaafu kwa heshima, na leo anakaa kando ya ndoo kama mtu anayesubiri kuona mgonjwa. Kwamba Jumapili makochi yanarudi. Kwamba vikorokoro vyangu vinakwenda stoo, na kisanduku kinarudi kilikotoka. Nikamwambia mtu aliyekwisha kuionja sauti ya vali hawezi kurudi nyuma. Akasema yeye ameionja miezi mitatu na haoni tofauti yake na redio ya jikoni. Nikamwambia masikio yanahitaji kufundishwa. Kisha akasema vizuri, kama ni masikio, Mama anayo.

Mkataba wetu ni huu. Jumapili mchana mama mkwe atakaa ameelekea ukutani. Santuri italia mara kumi, mara nyingine kisanduku kikiwemo, mara nyingine hakimo. Akitambua, sebule ni yangu mpaka watoto watakaporudi kutoka bweni. Asipotambua, makochi yanarudi na kisanduku kinakwenda. Nikakubali haraka kabla hajabadili nia.

Nimekwisha kushinda. Najuaje? Ninalo daftari la pili, la usikivu. Nanukuu. Tarehe 12 Machi: vali mpya upande wa kushoto, besi imenenepa. Tarehe 20 Machi: nimezibadilisha nafasi, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto; mwimbaji amesogea mbele hatua moja, nasikia anavyomeza mate. Tarehe 2 Aprili: vali zimezoeana, ngoma sasa ina ngozi. Mtu hawezi kuandika hivyo juu ya kitu kisichokuwepo.

Isitoshe, jaji mwenyewe ana masikio ya kutisha. Mchana simu ya mke wangu ililia jikoni. Akapokea, akasema haloo tu. Mama mkwe kutoka koridoni akasema huyo ni dada yako, na anakula. Ilikuwa kweli.

Jumatano, 5 Juni

Siku nzuri kazini. Mimi ni mkaguzi wa mizani. Kazi yangu ni kuingia dukani na mawe yangu ya shaba, nipime mizani ya mwenye duka, nione kama inasema kweli. Leo nilimkamata muuza nyama wa mtaani kwetu. Mizani yake haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kidole chake gumba, kilichokuwa kinapumzika kwenye sinia kila anapopima. Akasema ni mazoea. Nikampa hotuba. Nikamwambia kidole kwenye mizani ni wizi, kiwe kizito kiwe chepesi, na mtu mwenye bidhaa nzuri hana haja ya kuisaidia. Wateja waliokuwa foleni wakatikisa vichwa. Nikaifunga mizani yake kwa utepe mwekundu siku saba. Mke wangu, kumbe, naye alikuwa kwenye foleni. Jioni akanisifu. Mara ya kwanza tangu Machi.

Bosi ameuliza jiwe dogo kabisa la ofisi liko wapi, lile la gramu mbili. Nikasema labda limeanguka. Liko nyumbani. Nalitumia kupimia uzito wa sindano inapokalia santuri. Hakuna mtu anayeleta kitu cha gramu mbili kupimwa, kwa hiyo Serikali haijapata hasara.

Alhamisi, 6 Juni

Nahitaji mtu wa kusimama nyuma ya shuka na kubadilisha swichi. Mke wangu amekataa nisimame mimi. Ameniambia ananijua. Kwa hiyo, kwa moyo mzito, nimekwenda kwa Daktari wa Meno.

Daktari ni mwanachama mwenzangu wa kile kikundi chetu cha wapenda santuri. Tuko wanne. Ni mtu ambaye amesikiliza keekee ya meno kwa miaka ishirini, halafu anataka kunifundisha mimi sauti. Kisanduku changu alipokisikia mara ya kwanza alisema si kibaya. Kisebusebu na kiroho papo. Baada ya mwezi naye akanunua, kile kile, ila chake kina uso wa rangi ya dhahabu.

Na siri yangu pia ameiiba. Kisanduku kina swichi ya kuzungusha yenye vituo vitatu. Cha kwanza kimechorwa santuri. Cha pili kimechorwa magurudumu mawili ya tepu. Cha tatu kina mshale mdogo ulionyooka. Kitabu cha maelezo kimeandikwa kwa lugha nisiyoijua, hivyo niliamua kutumia akili. Kituo cha santuri kilitoa mngurumo kama lori linalopanda mlima. Mtu mwingine angerudisha kisanduku dukani. Mimi nikazungusha mpaka kwenye mshale, na hapo sauti ikatoka safi, imenyooka kama mshale wenyewe. Nikabandika plasta ya kidonda juu ya swichi ili mtu asione. Mwezi uliopita Daktari alikuja, akaomba maji ya kunywa. Niliporudi na glasi, plasta ilikuwa imekaa upande. Siku mbili baadaye akaanza kujigamba kwamba chake nacho kimepata joto.

Nilidhani atanicheka. Hakucheka. Mke wangu amekwisha kumpigia simu mke wake, na wake zetu wamekubaliana: tukishindwa kwangu, na sebule ya Daktari inarudi mikononi mwa mke wake. Tumepeana mikono. Mkono wake ulikuwa na jasho.

Ijumaa, 7 Juni

Nimetoroka kazini saa nane. Mke wangu na mama yake wamekwenda kwa shemeji kuyaangalia makochi. Nasema kuyaangalia, lakini walichukua brashi na sabuni.

Daktari akaja, tukafanya majaribio. Nimeunganisha waya mbili. Moja inapitia kwenye kisanduku, nyingine inakiruka. Swichi ndogo juu ya meza inachagua. Nikakaa kwenye kiti, nikafumba macho, Daktari akawa anabadilisha. Mara kumi. Nimepata nne.

Kosa ni la Daktari. Anabadilisha kwa kusitasita. Tukapeana zamu. Yeye amepata tatu, akasema mchana huu umeme si mzuri, na kwamba tangu jana ana mafua. Nilimwamini, maana hata mimi nilianza kuhisi mafua.

Kisha nikapata wazo. Mama mkwe ana masikio ya simu. Simu ni kitu chembamba, hakina besi. Hatuwezi kumtwisha mtu wa umri wake mzigo wa kutafuta joto bila msaada. Kila mtu anayejua sauti anajua kwamba kitu kikilia kwa nguvu kidogo zaidi, sikio hukiona kizuri zaidi. Kwa hiyo, kila kisanduku kinapokuwemo, Daktari apandishe sauti ya amplifaya kidogo tu. Unywele. Kikitoka, aishushe. Jaji ataisikia tofauti, ataipenda, ataitaja. Daktari akauliza kama huo si udanganyifu. Nikamwambia ni kumwonyesha njia mtu mzima.

Amplifaya iko kwenye rafu ya chini kabisa. Daktari itabidi apige goti kila mara. Amesema hana shida, yeye ni mtu wa mazoezi.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya kumlainisha jaji. Nimempelekea chai koridoni, na biskuti. Nimemwuliza habari za mgongo. Amesema mgongo unamuuma, hasa anapokaa kwenye plastiki. Nikabadilisha mazungumzo.

Akaniomba kitu. Akaniuliza kama katika santuri zangu zote ninao ule wimbo wa harusi yake. Akauimba kidogo. Nilikuwa nao. Nilinunua rundo zima la santuri za mtu aliyehama, na ulikuwemo chini kabisa, umechubuka vibaya. Nikamweleza kwamba wimbo wa kupimia sharti uwe umerekodiwa vizuri, na huu umerekodiwa kama kwenye ndoo. Akasema ndio huo anaoujua. Akanisimulia kwamba siku hiyo baba mkwe, Mungu amrehemu, alimkanyaga mguu mara mbili kwenye dansi, mara zote mbili mahali pale pale pa wimbo, kwa sababu alikuwa anahesabu hatua kwa mdomo. Tangu amefariki hajausikia. Akatazama ndoo kwa muda.

Nimeisafisha santuri kwa brashi laini, upande mmoja, na upande wa pili. Kesho tutatumia huo.

Jumapili, 9 Juni

Nitajaribu kufuata mpangilio.

Saa tisa alasiri. Shuka limetundikwa. Daktari nyuma ya shuka. Mama mkwe kwenye kigoda cha jikoni, uso ukutani. Mke wangu na karatasi na kalamu, akiandika majibu. Mimi kwenye kiti changu, miguu ndani ya chaki. Vali zinawaka. Nikaweka sindano.

Mara ya kwanza, mama mkwe akasikiliza sekunde chache, akasema kisanduku hakimo. Sawa. Mara ya pili, kimo. Sawa. Mara ya tatu, kimo bado. Sawa. Ya nne, kimetoka. Sawa! Moyo wangu ulianza kuimba. Alijibu kama mtu anayesoma orodha ya majina. Mke wangu aliandika, na kila alipoandika mdomo wake ulizidi kukazika. Mara kumi. Kumi kwa kumi. Nikasimama. Nikamwambia mke wangu kwa sauti ya upole, maana mshindi hapigi kelele, kwamba shemeji aendelee kuyafaidi makochi.

Ningekomea hapo ningekuwa mtu mwenye furaha. Lakini nikataka kusikia kwa maneno yake. Nikamwuliza Mama, je, hilo joto alilisikia zaidi kwenye besi au kwenye sauti ya mwimbaji.

Akasema joto gani? Yeye alikuwa anasikiliza goti la Daktari.

Akaeleza bila ubaya wowote. Mara ya kwanza alibahatisha tu. Goti la Daktari linalia. Likilia, sauti inapanda kidogo. Likilia tena, sauti inashuka. Ukiacha hilo, kitu ni kile kile, hakuna tofauti hata ya unywele. Na kwa kuwa mtu husaidia kilicho chake, akajua sauti ikiwa juu ndipo kisanduku kimo. Daktari alitoka nyuma ya shuka ameshika goti, macho chini. Akasema ni mazoezi ya zamani.

Mke wangu aliniuliza swali moja tu. Muuza nyama nilimfanyaje? Akaja mpaka kwenye kisanduku, akabandua plasta yangu kutoka kwenye swichi, akaenda akaibandika juu ya kitufe cha sauti cha amplifaya. Akatangaza kwamba mizani hii imefungwa siku saba. Daktari alicheka. Msaliti.

Sasa swichi ilikuwa uchi. Mama mkwe akainama, akavaa miwani, akaitazama. Akauliza kwa nini tumeiweka kwenye mshale. Nikamwambia ndipo sauti inaponyooka. Akasema kwenye swichibodi yao walikuwa na alama kama hiyo. Mshale ulionyooka maana yake simu inapita moja kwa moja, opereta haigusi. Kwa hiyo, akasema, hivi vichupa vyako vinawaka tu, mwanangu. Sauti inapita pembeni.

Nilimwangalia Daktari. Daktari naye ametoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Nilijua anachofikiria. Anafikiria kisanduku chake cha dhahabu, kilichoko kwenye mshale tangu siku alipoomba maji ya kunywa.

Nikajitetea. Nikasema kituo cha santuri kinanguruma, tazameni wenyewe. Nikazungusha. Kikanguruma. Mama mkwe hata hakushtuka. Akasema hivyo ndivyo inavyokuwa maopereta wawili wakiishika simu moja, kila mmoja anaikuza, mwisho inapiga yowe. Mmoja lazima aiachie. Akauliza kama hiyo mashine ya santuri nayo ina kidude chake cha kukuza. Nikakumbuka kwamba inacho, kile cha maskini. Nyuma ya mashine kuna kiswichi kidogo cha kukizima. Sijawahi kukigusa. Nikakigusa.

Nikaweka sindano tena.

Sitatia chumvi. Nyuma ya mwimbaji kulikuwa na mtu anatikisa kayamba. Miezi mitatu nimekaa kwenye kile kiti na sijawahi kumsikia. Alikuwa pale, upande wa kulia, anatikisa taratibu, kama mtu aliyesahauliwa chumbani. Michubuko ya santuri ilikuwepo bado, lakini ilikuwa mbali, na sauti ilikuwa karibu. Nilisisimka mpaka shingoni. Mke wangu aliweka kalamu chini.

Mama mkwe alisimama katikati ya sebule na miwani yake mkononi. Wimbo ukafika mahali fulani, akainua mguu wa kushoto kidogo, akaurudisha. Hapa, akasema. Alinikanyaga hapa. Ubeti wa pili ukafika hapo hapo, akauinua tena. Alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka. Kisha akauliza kama katika nyumba hii kuna mahali pa heshima pa kukaa. Nikamletea kiti changu. Akakisogeza nje ya chaki, nikamwacha.

Hukumu aliitoa yeye mwenyewe, wimbo ulipokwisha. Kisanduku kibaki. Makochi yarudi.

Jumatatu, 10 Juni

Makochi yamerudi. Matatu, na kimeza. Yana harufu ya sabuni. Shemeji alikuja nayo na uso wa mfiwa. Chaki imepigwa deki, kwa ile ndoo.

Mama mkwe amekaa kwenye kochi kubwa tangu asubuhi, ameurudia wimbo mara sita. Mke wangu, anayesema haoni tofauti, amekaa pembeni yake mara nne kati ya hizo sita. Jirani amepita kuomba kitunguu, akasimama mlangoni, akasema leo redio yenu inalia vizuri. Hata shemeji alisema kayamba linasikika.

Nimemweleza mke wangu kwamba kwa kweli nilishinda, maana Mama amekubali vali zina tofauti. Akasema nimeshinda kama kuku anavyoshinda karamu. Lakini alikuwa anacheka, na chakula cha mchana nilipata kipande kikubwa.

Jiwe la gramu mbili nimelirudisha. Bosi amefurahi. Nimemwambia nililikuta chini ya kabati.

Alhamisi, 13 Juni

Kuna kitu kinanisumbua. Nimelifungua daftari la usikivu. Kurasa arobaini na moja. Besi imenenepa. Ngoma ina ngozi. Mate ya mwimbaji. Kwa muda wote huo vali hazikupitisha hata noti moja. Mtu dhaifu angelichana.

Mimi nimelisoma tena kwa utulivu, na nimegundua jambo. Kusikia vali zinapocheza ni kazi rahisi. Jirani amesikia. Shemeji amesikia, na shemeji hajui tofauti ya ngoma na mlango unaogongwa. Lakini kuzisikia vali zikiwa hazichezi, miezi mitatu, na kuandika tofauti zake kwa tarehe! Hayo ni masikio ya namna nyingine kabisa.

Isitoshe, sauti hii mpya ina kasoro. Kila mtu anaipenda. Kuna raha gani kuwa na kitu ambacho kila mtu anakisikia?

Jumamosi, 15 Juni

Daktari amekuja leo saa kumi, amefyata mkia. Ameninong'oneza kwamba amekirekebisha kisanduku chake, mke wake amefurahi, wageni wamefurahi, na yeye hana furaha. Anasema joto lile la zamani limepotea. Nilimkumbatia. Sikutarajia kumkumbatia Daktari maishani mwangu.

Mke wangu alikuwa sokoni. Mama mkwe alikuwa anajiandaa kupiga pasi nguo zake, anaondoka Jumatatu. Tukaona nafasi ndiyo hii. Nikawasha kiswichi cha nyuma ya mashine, nikazungusha mpaka kwenye mshale. Vali zinawaka, nzuri mno. Tukaketi kwenye kochi dogo, bega kwa bega, tukafumba macho kama wasikilizaji wa kweli.

Na lilikuwepo! Lile lile. Kayamba limeondoka, halikuwa na kazi pale. Mwimbaji amesogea mbele. Kufika wimbo wa tatu, Daktari alinigusa mkono, akasema kwa sauti ya chini kwamba joto linazidi kupanda. Nikamwambia hata mimi nalisikia shavuni. Akasema hizi sasa zimeiva. Nikamwambia nyamaza, usizivuruge.

Santuri ikaisha. Tukafumbua macho. Vali zilikuwa nyeusi tii. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma ya kochi letu, hatua moja, anapiga pasi blauzi yake juu ya kimeza. Plagi ya kisanduku ilikuwa sakafuni. Ya pasi ilikuwa ukutani. Alituomba radhi. Alisema soketi iliyo karibu na kimeza ni moja, aliichomoa tangu wimbo wa kwanza, na akaona muziki haukatiki, kwa hiyo hakutaka kutusumbua.

Daktari alinitazama. Nilimtazama Daktari. Kisha nikachukua daftari la usikivu, ukurasa wa arobaini na mbili, nikaandika. Tarehe 15 Juni: vali baridi. Besi tulivu zaidi kuliko wakati wowote. Joto safi, halina moto ndani yake.

Daktari ameomba anakili. Kesho anakuja na chake cha dhahabu. Tutaviweka viwili pamoja, vyote vimezimwa.